Mwanasesere au Sanamu? Tathmini ya Umbo la T'Challa kutoka Hot Toys

Makala haya yanakusudia kutathmini kitu ambacho, kwa mazoea ya idara zetu za fasihi, hakihesabiwi kuwa matini: umbo dogo la shujaa T'Challa, ajulikanaye kama Black Panther, lililotengenezwa na kampuni ya Hot Toys ya Hong Kong kutokana na filamu ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Ryan Coogler. Haja ya tathmini hii imetokana na hali iliyozuka katika semina zetu za uzamili. Wanafunzi wanaleta mapendekezo ya utafiti juu ya filamu, vibonzo na bidhaa zitokanazo navyo, nasi walimu tumegawanyika makundi mawili: wanaoyakataa bila kuyasoma na wanaoyapokea bila kuyahoji. Yote mawili ni namna ya kuikwepa kazi ya uhakiki. Hapa tutajaribu kukisoma kitu chenyewe, kwa vigezo tunavyovitumia tunaposoma mashujaa wa tendi zetu, na kuona kinabeba kiasi gani cha ushujaa kinaodai kuubeba.

Tuanze na jina, kwa kuwa hapo lugha yetu ina la kusema. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipomtoa askari wake G.I. Joe, mwenye kimo cha takribani sentimita 30 na viungo 21 visogeavyo, ilijizuia kabisa kutumia neno ambalo Waingereza na Wamarekani hulitumia kwa wanasesere, ikichelea kwamba wazazi hawatawanunulia wavulana kitu cha wasichana. Ikabuni istilahi nyingine, yenye kutaja umbo na tendo. Kiswahili hakina aibu hiyo. Kina mwanasesere, kina sanamu, kina kinyago, na kila neno lina upatanisho wake. Sanamu huwekwa, kinyago huchongwa, navyo hubaki kuwa vitu. Mwanasesere ni wa ngeli ya A-WA: huja, hulala, huamka, hukasirika. Mtoto anayelifunga gunzi la mahindi kitambaa hafundishwi sarufi hii na mtu yeyote, wala hakosei. Gunzi likishavikwa, halilali tena, analala. Sarufi hii tunaichukua kuwa kipimo chetu. Tutauliza ni wakati gani umbo hili la bei ghali linastahili kiambishi "a-", na ni wakati gani linarejea kuwa "i-" ya sanamu.

Nakala tuliyoichunguza, kwa hisani ya mwanafunzi wetu mmoja, ni ya mfululizo uitwao Movie Masterpiece, nambari MMS470. Kimo chake ni sentimita 31 hivi, yaani sehemu moja ya sita ya mtu halisi, kipimo ambacho kwa hakika ni urithi wa G.I. Joe yuleyule. Mwili una viungo zaidi ya 30. Vichwa ni viwili: kimoja kimefunikwa barakoa ya chui mweusi, cha pili kina sura ya marehemu Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa. Viganja vya kubadilisha vipo vya kutosha: ngumi, viganja vilivyolegea, viganja vilivyokunjua kucha. Bei yake ilipotoka ilizidi dola 200 za Marekani. Kiasi hicho, kwa mwanafunzi wa uzamili wa hapa nchini, hakihitaji ufafanuzi.

Atakayelitazama umbo hili kwa mara ya kwanza atavutwa na uso, na hana budi. Vichwa vya kampuni hii hupakwa rangi kwa mkono, na kazi hiyo inaonekana. Weusi wa ngozi haukumwagwa kama rangi ya mlango. Una tabaka, una mwanga kwenye paji na kivuli chini ya taya, na ndevu zimeota kutoka ndani badala ya kuchorwa juu. Wako wahakiki watakaosema kwamba huu ni uhalisia wa juujuu, stadi za fundi zisizohusiana na sanaa. Tunawaomba wasubiri kidogo. Mwaka 1965 Hasbro hiyohiyo ilimtoa askari Mweusi. Kalibu ya uso ilikuwa ileile ya askari Mzungu, kilichobadilika ni rangi ya hudhurungi iliyopakwa juu yake. Mtoto wa Kimarekani mwenye asili ya Kiafrika aliyenunuliwa askari yule alipewa shujaa mwenye ngozi yake na uso wa mtu mwingine. Mtu akiikumbuka historia hiyo hawezi kuupuuza uso wa MMS470. Pua ni pua yake, midomo ni midomo yake, na hakuna aliyeona haja ya kuipunguza. Katika utanzu huu, usahihi wa sura ni suala la itikadi kabla ya kuwa suala la ufundi, na kwa kigezo hicho kazi hii ni ya daraja la juu.

Lakini ni sura ya nani? Hapa ndipo shida inapoanzia. T'Challa alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, naye aliishi katika vibonzo kwa nusu karne kabla Boseman hajamvaa. Katika fasihi simulizi tunawasisitizia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasimchanganye fanani na mhusika. Mtambaji anaweza kuigiza fisi kwa ustadi mkubwa, lakini hatuchori sura ya bibi tukasema huyu ndiye fisi. Kichwa hiki kinafanya hivyo hasa. Kinamchukua fanani, tena kwa usahihi wa kushangaza, kisha kinatutaka tumsome kuwa mhusika. Maadamu Boseman alikuwa hai, mkanganyiko huo haukuonekana sana. Alipofariki Agosti 2020, uso uleule, bila mtengenezaji kuugusa, ulibadilika utanzu mikononi mwa hadhira. Jana ulikuwa kipande cha utendi. Leo ni tanzia. Anayeutazama hamwoni mfalme wa Wakanda akitafakari vita, anamwona kijana aliyeondoka mapema. Huzuni hiyo ni halali, ila haitoki katika umbile la kazi. Hadhira imekuja nayo.

Filamu ya pili, iliyotoka mwaka 2022, inatupa ushahidi wa kuunga mkono hoja hii. Waandaaji hawakumtafuta mwigizaji mwingine wa kumwigiza T'Challa. Walimwacha mhusika afariki, na barakoa ikamwangukia dadaye, Shuri, aliyeigizwa na Letitia Wright. Filamu yenyewe iliamua kwamba uso ni wa mtu na barakoa ni ya cheo. Kwa hiyo tunathubutu kusema, na tunajua wenye makusanyo watatukasirikia, kwamba kati ya vichwa viwili vya MMS470, kile kisicho na uso ndicho bora. Barakoa haina hisia yoyote iliyogandishwa. Ukimwinamisha kidogo, kivuli kikaingia chini ya paji, anawinda. Ukimnyanyua kidevu, anatawala. Uso wa Boseman umechaguliwa hisia moja, utulivu wenye wasiwasi kidogo, na hisia hiyo itabaki hata umpe mkao wa kurusha teke, ambapo huonekana kama mtu anayepigana huku akiwaza kikao cha kesho. Mkao ndio uandikao hisia za kinyago. Waliowahi kutazama ngoma za vinyago za Wamakonde wanalijua jambo hili bila kuhitaji nadharia ya kigeni.

Pamoja na hayo, uamuzi wa kumgawa shujaa katika vichwa viwili una gharama ambayo haikwepeki. Katika filamu, vazi la T'Challa hutoka katika mkufu wake na kumfunika huku akitembea. Mpito huo kutoka mfalme hadi chui ndio moyo wa usawiri wake: mtu mmoja, majukumu mawili, na mstari kati yake hauonekani. Mwanasesere hawezi kuufanya mpito huo. Ili apatikane chui sharti mfalme ang'olewe kichwa, na kichwa hicho kirejeshwe sandukuni kilikochongewa nafasi. Katika nukta hiyo hakuna sarufi inayoweza kuiokoa "a-". Kilichoko mkononi ni kiwiliwili cha plastiki chenye kishikizo shingoni.

Tufike sasa kwenye mwili, ambao kwetu ndio mtihani mkubwa. Kila msomaji wa jarida hili anaikumbuka tamati ya Fumo Liyongo kama ilivyo katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo, akiisha kuchomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale, na katika hali hiyo anakata roho. Watu hawajui. Kwa siku kadhaa mji mzima unaogopa kuteka maji, mpaka mamake anaitwa aje kumsihi maiti. Hatujui mahali pengine katika fasihi yetu ambapo nguvu ya mkao imeelezwa kwa ukali kama huu. Mwili usiosogea unasomwa kuwa mwili ulio karibu kusogea, na usomaji huo unatosha kuufunga mji. Liyongo kisimani ni "a-" kwa sababu ya pembe ya kiwiko na goti lililozama mchangani, wala si kwa sababu ya pumzi.

Umbo la T'Challa likipimwa kwa mizani hiyo linapata alama nusu. Viungo vipo, tatizo ni nguo. Mbunifu wa mavazi ya filamu, Ruth Carter, ambaye kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar mwaka 2019, alilitandaza juu ya vazi la shujaa umbo la pembetatu lililokaririwa, alilolihusisha na jiometria ya sanaa za Kiafrika na kuliita kwa jina la Okavango. Hot Toys wameihifadhi naksi hiyo kwa uaminifu, na huo ni umbuji wa kusifiwa. Hata hivyo kitambaa hakipungui mara sita kama mwili unavyopungua. Unene wake hubaki uleule, ugumu wake hubaki uleule, na vazi linalombana mtu wa sentimita 31 humbana kuliko linavyombana mtu mzima. Goti linakunjika mpaka mahali fulani, kisha nguo inarudisha. Nyonga haifunguki vya kutosha kwa mchutamo wa chui. Wala tusiseme habari ya kupiga goti kisimani. Anasimama vizuri sana, anatembea kwa kuaminika, anakunja ngumi. Akitakiwa kuvizia, anakuwa mtu aliyevaa suruali mpya msibani. Naam, viganja vya kucha vinasaidia, tena kuliko tulivyotarajia: vidole vile vilivyofunguka hubeba sehemu kubwa ya tendo ambalo miguu imelishindwa.

Wenzetu watauliza kama si uonevu kukipima kitu cha Hong Kong kwa shujaa wa Pate. Hatuoni hivyo. Filamu hii ilijinadi kama ndoto ya Afrika iliyojitengenezea mashujaa wake. Ilikopa Kixhosa ikakifanya lugha ya Wakanda, na Februari 2018 ilipoonyeshwa Kisumu, watu wa huko walikuwa na sababu yao ya karibu ya kujivuna, kwa kuwa Lupita Nyong'o ni wao. Aliyeomba kusomwa kwa jicho la Kiafrika asishangae akisomwa hivyo. Tena wahenga walishatuonya kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, na kinachostahili kuulizwa hapa ni mkono gani ulikishika chombo cha kuchongea. Haki za mhusika ni za kampuni ya Marvel, iliyo chini ya Disney tangu mwaka 2009. Kalibu ni ya Hong Kong. Mchango wetu katika mnyororo huo, mpaka sasa, ni kununua.

Kuhusu mali ghafi tutasema machache. Roland Barthes, katika insha zake za mwaka 1957, aliwalaumu watengenezaji wa Ufaransa kwa kuuacha mti, ambao huzeeka pamoja na mtoto, na kuikumbatia plastiki. Lawama hiyo imekuwa wimbo wa wahakiki, nasi hatuikariri. Ipo hoja iliyo karibu zaidi na anayeishi Mombasa au Malindi: vitambaa vilivyopakwa poliuretani, ambavyo hutumika sana katika mavazi ya namna hii, huharibiwa na unyevu wa hewa, vikaanza kubanduka na kupasuka, hasa mahali vinapokunjwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana wakusanyaji hushauriana wasimwache katika mkao mkali kwa miezi. Tazama kinaya kilichopo hapo: ili kitu kidumu, sharti kisitende. Aliyeumbwa kwa viungo zaidi ya 30 anahifadhiwa wima, mikono chini, ndani ya kioo. Gunzi la mahindi halidumu msimu mmoja, lakini msimu huo wote halipumziki.

Mwanafunzi aliyetuazima nakala hii humweka rafu ya juu, kichwa cha Boseman kikiwa shingoni na viganja vilivyolegea. Tulimwomba ambadilishe kichwa, amwinamishe kidogo, amvalishe kucha, tuone pendekezo lake la utafiti linasimama vipi. Alikataa, akisema kwamba tangu 2020 hawezi kuufungia uso ule sandukuni. Tunaiheshimu hoja yake. Ni hoja ya mwombolezaji, na kwa mujibu wake kilichoko rafuni ni sanamu ya kumbukumbu, nzuri kuliko nyingi zilizosimamishwa katika viwanja vya miji yetu. Pendekezo lake, hata hivyo, lina anwani inayotaja ushujaa wa kitendi, na sura zake tatu zinamzungumzia T'Challa. Tumemrudishia aamue kwanza anaandika juu ya nani.