Mchekeshaji Hupimwa Akiwa Kimya

Mvua ya hapa kwetu Kingerikiti ikikolea, bati la kibanda cha video hupiga kelele hadi maneno ya filamu yasisikike. Hapo ndipo pa kumpimia mwigizaji. Filamu nyingi zikifika hapo watu huanza kuzungumza bei ya kahawa. Ya Mzee Majuto ikiwekwa, kibanda huendelea kucheka.

Majuto, ambaye jina lake halisi ni Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, alianza jukwaani akiwa mtoto, akaja kwenye video, runinga na matangazo ya biashara. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya tamasha la filamu la Sinema Zetu, na tarehe 8 Agosti mwaka huohuo akafariki katika Hospitali ya Muhimbili. Kwangu mimi, huyu ndiye kipimo cha fani ya vichekesho nchini.

Ukitaka kujua mwigizaji ni wa kiwango gani, mwangalie wakati mwenzake anaongea. Chukua kazi zake na marehemu Sharo Milionea. Kijana anaringa, anatamba, maneno yanamtoka mfululizo, na macho ya mtazamaji humfuata yeye. Achana naye kidogo, mtazame mzee. Anamkagua kijana kuanzia kwenye viatu, anapanda taratibu hadi kwenye nywele, anatulia. Neno limemwingia kwanza, ndipo mdomo unafunguka. Wakati huo wewe umeshacheka, na yeye hajasema kitu. Asiyeiva husubiri zamu yake tu: uso unajibu kabla hajaulizwa, na wakati mwingine utaona midomo yake ikifuatisha maneno ya mwenzake.

Watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa wana jicho hilo tayari. Kwenye ngoma ya mganda, anayeijua hamtazami kiongozi peke yake, humtazama na wa mwisho mstarini.

Mavazi yasikudanganye. Tumbo la kubandika, suruali iliyopanda hadi kifuani, masizi usoni, vyote vinaruhusiwa, ila jiulize: vikivuliwa, kinabaki nini?

Halafu sikiliza mapumziko. Aliyelelewa na jukwaa anajua kwamba watu wakicheka, neno linalofuata lazima lisubiri, la sivyo litamezwa. Mbele ya kamera hakuna wa kucheka, lakini Majuto aliacha upenyo vilevile, kana kwamba anatusikia. Upenyo huo ndio unaokosekana kwa vijana wengi wa leo, wanaopanga kichekesho juu ya kichekesho hadi vyote vinauana.

Na usichanganye mwigizaji na filamu. Zipo filamu alizocheza ambazo hadithi zake zimevutwa bila sababu ili ipatikane sehemu ya pili, na sauti imerekodiwa hovyo. Mhukumu kwa kipande chake. Mimi naamini hata katika hizo hakuwahi kulipua kazi, na hilo ni gumu kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi namna ile.

Kama una kanda au CD zake nyumbani, Mbinga, Mbamba Bay au hapa Kingerikiti, usizitupe. Zinakili, wapelekee vijana wa vikundi vya maigizo shuleni, na uwaambie waitazame filamu mara mbili: mara ya kwanza wacheke, mara ya pili wamtazame mzee pale tu anaponyamaza.