Matiko ya Mhunzi

Mkulima aliweka chini panga lililokatika vipande viwili, akaomba afuliwe jingine. Hapo ni Bunda, kwenye kibanda cha mhunzi kisicho mbali na barabara kuu iendayo Sirari. Mzee hakushika nyundo. Aliokota kipande kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akatazama palipokatikia. Chembechembe zake zilikuwa kubwa na zilimeta kama chumvi ya mawe. "Hili lilizidishiwa moto," akasema. Kisha akaanza kuuliza. Shamba liko wapi? Butiama, kwenye mawe. Unakata nini zaidi? Mabua na vichaka. Kwa mkono upi? Wa kushoto. Ndipo akainamia rundo la springi za malori na kuchagua chuma.

Mimi nilikuwa nimepeleka jembe nitiliwe mpini mpya, nikajikuta nimekaa pale hadi jioni. Nyumbani Musoma, usiku, hucheza michezo ya video, hasa ile ya bunilizi ya kisayansi ambamo mchezaji huvaa uhusika wa msafiri wa nyota na kukua naye safari nzima. Kwa miaka mingi kuna jambo katika michezo hiyo lilikuwa likinikera nisijue nilite nini. Silaha zake hazikui, huongezeka tu. Unamwangusha adui, unaokota bunduki yenye namba kubwa kuliko ya kwako, unaitupa ya kwanza bila hata kuikumbuka. Pale Bunda nililipata jina la kinachokosekana. Ni matiko.

Matiko ni ule ugumu ambao chuma hupewa kwa moto na maji. Mzee alikipasha chuma hadi kikawa chekundu kama zambarau zinazoanza kuiva, akakifua kwenye fuawe, akakirudisha motoni, akakifua tena. Umbo lilipokubali, alikitumbukiza majini. Wakati huo panga ni gumu kupita kiasi. Likipiga jiwe litavunjika kama lile la kwanza. Kwa hiyo alilisugua hadi likang'aa, akalirudisha karibu na makaa kwa upole, akakodolea macho rangi zinazotembea juu yake. Kwanza huja manjano ya nyasi kavu, kwenye nyuzijoto 200 na kitu. Baadaye buluu, karibu na 300. Wembe wa kinyozi huachwa kwenye manjano ili ukate sana. Panga la shamba la mawe husogezwa mbele zaidi, lipoteze makali kidogo lipate uvumilivu. Hakuna panga linalopewa vyote viwili kwa ukamilifu. Ndiyo maana mhunzi huuliza kabla ya kupiga.

Hilo ndilo ningependa watengenezaji wa michezo wakae chini na kulitafakari. Uboreshaji wa kweli ni uamuzi, na kila uamuzi una unachokiacha. Historia ya Mass Effect ya kampuni ya BioWare inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu. Mchezo wa kwanza, wa mwaka 2007, ulikuwa na silaha za madaraja kuanzia I hadi X, na begi la mchezaji lilibeba vitu 150. Wa pili, wa 2010, uliondoa begi lenyewe. Mchezaji alichimbua madini kutoka kwenye sayari na kuyapeleka maabara, na uboreshaji ukazigusa bunduki zote za aina moja kwa pamoja. Wa tatu, wa 2012, ulirudisha meza ya fundi: kila silaha ilipokea viungo viwili tu, na uzito wa silaha ulizochukua ulichelewesha nguvu zako nyingine kurejea. Hapo pana uhunzi. Ukitaka bunduki nzito, utalipa kwa kitu kingine, na malipo hayo ndiyo yanayoifanya iwe yako. Fallout 4 ya mwaka 2015 iliongeza jambo lingine zuri, kwamba mchezaji hubadilisha mtutu, kitako na shabaha kimoja baada ya kingine, na anaweza kuipa silaha yake jina.

Mababu zetu waliyajua haya kwenye mshale. Chembe ya mshale ni kazi ya mhunzi, wano ni kazi ya mchonga mti, na kila chembe ina shughuli yake: pana ya kutoa damu, yenye miiba ya kung'ang'ania, nyembamba ya kupenya. Mishale ya sumu ya msunguti, inayojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ilivikwa ngozi laini, kwa sababu sumu ikikaushwa na jua hudhoofika, na ikiachwa wazi humwumiza mwenyewe. Podo la mwindaji lilikuwa na mishale michache, naye aliujua kila mmoja kwa kuushika tu, hata gizani.

Na nyuma ya mshale kulikuwa na mtu. Huku kwetu, Wazanaki, Waikizu na majirani zao walikuwa na Waturi, jamii ya wahunzi, ambao wake zao walikuwa wafinyanzi. Moto ulikuwa riziki ya nyumba nzima: mume kwenye chuma, mke kwenye chungu. Waliheshimiwa na kuogopwa, na ndoa kati yao na wasio wahunzi ziliwekewa miiko. Neno lenyewe limesafiri mbali. Wakikuyu wa Kenya nao humwita mhunzi muturi. Upande wa pili wa Ziwa Victoria, Uzinza, Warongo walifua majembe yaliyouzwa nchi nyingi za kandokando ya maji, na huko Kagera waakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za chuma za takribani miaka 2,000. Mtu wa ziwani akibuni mchezo wa nyota za mbali, sayansi anayo tayari chini ya miguu yake.

Ningeucheza kwa furaha mchezo wa namna hiyo. Silaha ziwe chache, na kila moja itoke kwa fundi mwenye kwao, mwenye miiko yake, anayeweza kukukatalia. Akuulize sayari unayokwenda ina vumbi au barafu, kabla ya kukuuzia lolote. Kovu la vita libaki kwenye chuma, na fundi alisome kama mzee alivyousoma ule mvunjiko. Matiko yakishatiwa, kuyabadili kugharimu kurudi motoni upya. Na silaha ikizeeka, isigeuke takataka ya kuuza kwa sarafu. Jembe letu likilika kwa miaka, hupalilia mahali ambapo halilimi tena. Likilika zaidi, huwa kisu cha jikoni. Huko nako ni kukua, na sijaona mchezo uliokuonyesha.

Jua lilipokuwa linashuka, mzee alimpa mkulima panga jipya. Alilipima kwa mkono wa kushoto, akalizungusha mara mbili, akatabasamu. Akalipa, akataka kuondoka. Mzee akamwambia, "Subiri, mwanangu." Alichukua kipande kifupi cha lile panga lililokatika, akakitia kwenye makaa, akakipasha safari hii bila haraka, akakifua chembamba. Tulisubiri kiza kikiingia, tukitazama ile rangi ya nyasi kavu ikitembea juu ya chuma. Alipokizima, kilikuwa kisu kidogo cha kuparia samaki. Akakifunga kwenye gazeti na kumkabidhi. "Hiki umpelekee mama wa nyumbani," akasema. "Ni panga lako lilelile."