Rejista Haisemi Sababu

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuitunza rejista ya mahudhurio kama mboni ya jicho: isifutwe, isichafuliwe, isikose siku. Nikawa mwalimu mkuu, nikaitunza hivyo hadi kustaafu. Leo naona kwamba kitabu kile kilisema nusu tu ya kweli.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika shule yangu karibu na Makambako, palikuwa na msichana wa darasa la sita aliyekosa masomo siku mbili tatu kila wiki. Nilimchapa kwa utoro. Baadaye jirani yao alinieleza kwamba mtoto yule alikuwa akimuuguza mama yake, na siku nyingine akiuza viazi vya kuchemsha kwenye mabasi yaendayo Songea. Rejista yangu ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea.

Kisa hicho hunirudia kila nitafakaripo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao TASAF iliuanza mwaka 2012. Mpango huo unastahili sifa. Majina ya walengwa yalitajwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wanaojuana. Fedha nazo zilifika kwenye kaya yenyewe, na aghalabu zilipokelewa na mwanamke. Bibi mlea yatima akaweza kununua daftari bila kumpigia mtu magoti.

Hata hivyo, sehemu ya ruzuku ilifungwa na sharti: mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, la sivyo malipo yapunguzwe. Kwa mzazi mzembe, sharti hili ni dawa. Lakini huku kwetu Njombe, utafiti wa mwaka 2011/12 ulionyesha kwamba asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 waliishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kilichoongoza mikoa yote. Dawa zimewainua wengi, lakini utafiti wa 2022/23 bado uliwakuta watu wazima asilimia 12.7. Katika nyumba yenye mgonjwa au bibi kikongwe, mtoto hakosi shule kwa uvivu. Kuipunguzia nyumba hiyo ruzuku ni kuichapa, kama nilivyomchapa yule binti.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kumlinda mtoto, na imemtaka kila mwananchi atoe taarifa aonapo haki zake zinavunjwa. Basi, alama ya utoro ihesabiwe kuwa taarifa. Imfikie kwanza afisa ustawi wa jamii, aende nyumbani akaulize sababu, ndipo mhasibu ashike kalamu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Binti yule aliacha shule kabla sijamwomba radhi.