Visiwa vya Maneno

Sisi tukaao Likunja, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, tu mbali na bahari, wala hatuna kisiwa cha kuwaonyesha watoto wetu. Walakini viko visiwa ndani ya usemi wetu wenyewe, na mwezi huu twapenda kuvinena, kwa kuwa mtoto mmoja aliadhibiwa kwa ajili yake pasipo haki.

Mtoto huyo aliandika katika insha yake: “Huyu ndiye mzee ambaye mbuzi walioingia shambani mwake waliuawa na chui.” Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya sentensi yote, akaandika pembeni, “Hii si sarufi,” akamkata alama mbili. Mtoto alipouliza sababu, aliambiwa ya kuwa neno “ambaye” limefunga safari ya mbali mno, likaingia katika fungu la maneno lililokwisha kufungwa. Nasi twasema, mwalimu aligusa jambo la kweli, kisha akalitumia vibaya.

Jambo hilo lilichunguzwa na Mmarekani John Robert Ross katika tasnifu yake ya mwaka 1967, katika chuo cha MIT, nayo ikaja kupigwa chapa mwaka 1986 kwa jina Infinite Syntax! Mwalimu wake, Noam Chomsky, alikuwa amekwisha toa kanuni moja fupi ya kuzuia maneno yasihamishwe ovyo. Ross akaonyesha ya kuwa kanuni ile yakataza mengine yanayosemwa kila siku, na kuyaachia mengine yasiyosemwa na mtu. Kazi ya mwanafunzi kumpima mwalimu wake kwa adabu namna hii yapendeza kusomwa, hata na asiyependa sarufi.

Maana yake ni hii. Neno laweza kutolewa mahali pake na kupelekwa mbele, hata kwa mwendo mrefu: “Ni kitabu gani ambacho mwalimu alisema ya kuwa wazee wanaamini ya kuwa mtoto yule aliiba?” Sentensi ni ndefu, lakini yaeleweka, umbali peke yake si kizuizi. Yako lakini mafungu ambayo neno likiwa ndani yake halitoki, kama mtu aliyezungukwa na maji pasipo chombo. Ross akayaita visiwa. Msikilizeni muuza duka: “Ulinunua chumvi na nini?” Hakuna ashangaaye. Sasa litoeni neno lile: “Ni nini ulichonunua chumvi na?” Hata mtoto mdogo atacheka, ingawa sentensi hii ni fupi kuliko ile ya kwanza, wala hakuna aliyemfundisha ya kuwa ni kosa.

Kiswahili chatusaidia kwa kuwa mara nyingi hakilazimishi neno la kuulizia kuhama. Twasema, “Ulinunua kitabu kilichoandikwa na nani?” na “nani” yakaa kisiwani mwake kwa raha. Mwingereza akitaka kuuliza hivyo kwa desturi ya lugha yake ya kulipeleka neno mbele, hukwama.

Turudi kwa mbuzi. Ross alitenga mambo mawili: neno kung’olewa kabisa, pasibaki kitu, na neno kuhamishwa likaacha kiwakilishi mahali pake. Visiwa, alisema, huzuia lile la kwanza, wala si la pili. Tazameni basi neno “mwake” katika insha ya mtoto. Ndicho kigingi kilichobaki shambani, na kamba yake imefungwa kwa “mzee”. King’oeni, mseme, “mzee ambaye mbuzi walioingia shamba la waliuawa na chui,” hapo mwalimu apige mistari hata wino uishe. Mtoto hakung’oa. Alivuka kwa chombo ambacho lugha yake humpa kila mtu.

Hatuisifu tasnifu ile kwa yote. Mifano yake mingi ni ya Kiingereza, na msomaji wa huku hana budi kutafuta ya kwake. Tena yatuonyesha kuta zilipo, lakini sababu ya kuwapo kwake haikutuliza. Chomsky mwaka 1973 alijaribu kuzikusanya chini ya kanuni moja. Wengine, kama Robert Kluender, walisema ukuta wenyewe haupo: ni akili inayochoka kwa mizigo miwili, urefu wa safari na ugumu wa fungu.

Neno hilo la mizigo lilitupendeza sana, sisi tulezoea kubeba magunia ya korosho. Lakini mwaka 2012 Jon Sprouse, Matt Wagers na Colin Phillips walilipima kwa watu zaidi ya 300 wasemao Kiingereza. Sentensi za visiwa zilionekana mbovu kupita jumla ya mizigo yote miwili. Kisha wakapima nguvu ya kukumbuka ya kila mtu, maana kama ni uzito tu, mwenye mabega mapana angeulalamikia kidogo. Haikuwa hivyo: wenye kumbukumbu kubwa walizikataa sawasawa na wenzao. Tumelazimika kuliacha neno la magunia, ingawa kwa majuto.

Na haki yatudai tutaje linalotupinga. Mwaka 2007 Theodora Alexopoulou na Frank Keller walipima viwakilishi vya namna ya “mwake” katika Kiingereza, Kiyunani na Kijerumani; walioulizwa hawakuziona sentensi za visiwa kuwa njema zaidi kwa kuwekewa kiwakilishi. Basi kigingi hakifai kila nchi. Lakini “ambaye” yetu na “-ake” yetu ni ndugu wa siku nyingi: “mzee ambaye shamba lake liliungua” ni usemi wa kila baraza, na lugha ihukumiwe kwa masikio ya wenyewe.

Mwalimu angeweza kuandika pembeni: “Sentensi nzito, igawe.” Nasi tungekubali, maana “Mbuzi waliingia shambani mwa mzee huyu, wakauawa na chui” yasomeka upesi zaidi. Hilo ni shauri la uandishi, na shauri halikati alama. Zile mbili twaomba zirudishwe.