Jinsi ya Kumjua Dagaa wa Kigoma

Muuzaji akiapa kwamba dagaa wake ni wa Kigoma, huenda anasema kweli, lakini hilo bado halijakuambia kama ni mzuri. Ziwa Tanganyika hutoa dagaa bora na dagaa hovyo kwa usiku uleule. Kinachowatofautisha ni saa chache tu: tangu wavu unapoinuliwa gizani hadi jua la mchana unaofuata. Yaliyompata samaki katika saa hizo hayafichiki, ukijua pa kutazama.

Tuanze na mwezi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini oksijeni imo kwenye tabaka la juu tu, na humo ndimo dagaa anamoishi. Mchana huteremka kwenye maji yenye giza. Usiku hupanda kufuata vijidudu anavyokula, na migebuka nao humfuata yeye. Mvuvi humvuta kwa taa. Zamani ilikuwa mioto, ikaja karabai, sasa ni taa za betri na za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazina nguvu, samaki hutawanyika, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo dagaa humiminika siku za giza, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho. Mwaloni ukijaa, nafasi ya kuanikia haitoshi. Samaki hurundikwa, wanapangwa tabaka juu ya tabaka, wa chini wanaiva kwa joto lao. Mimi huwapenda zaidi dagaa wa siku ambazo mavuno ni ya wastani. Wanakuwa wamepata nafasi ya kulala mmoja mmoja.

Sasa mshike mkononi, uanze na tumbo. Tumbo zima, lililobana, linamaanisha samaki alianikwa mapema. Tumbo lililopasuka na utumbo kutokeza linamaanisha alikaa sana: pengine alivuliwa mapema usiku akashinda chini ya mtumbwi akikandamizwa na wenzake, pengine alifika ufukweni jua likiwa limeshachomoza na bado mnunuzi na mvuvi wanavutana bei. Wachache waliopasuka si kitu, maana hakuna gunia lisilo nao. Wakiwa wengi kiasi cha kukusanyika kama unga chini ya kisado, achana nao. Vichwa pia vitazame. Dagaa aliyekaushwa vizuri hufika sokoni na kichwa chake.

Rangi ndiyo inayowadanganya wengi. Watu hutafuta weupe, ilhali kinachotakiwa ni mng'ao: ubavu wa fedha, mgongo wa kijivu unaoelekea buluu. Umanjano ni mafuta yaliyochacha. Huyu ni samaki mwenye mafuta, na mafuta yake hayavumilii jua la siku nyingi wala ghala lenye joto. Wekundu wa kahawia karibu na mgongo kwa kawaida ni dalili kwamba alipata mvua akarudishwa juani. Masika ndiyo majaribu makubwa ya mwanikaji. Wakati wa kiangazi hata mzembe anaweza kutoa dagaa wa kupendeza.

Kisha mvunje. Aliyekauka hukatika kwa mlio mdogo. Aliyepinda bila kukatika bado ana maji, na umeuziwa maji hayo kwa bei ya samaki. Mnuse palepale alipovunjika, kwani harufu ya nje inaweza kuwa ya gunia. Iwe harufu ya ziwa na ya mafuta mabichi, isikuchome pua.

Mchanga ni habari ya chanja. Aliyeanikwa kwenye chanja ya wavu, hewa ikimpitia juu na chini, hukauka upesi na hana mchanga. Aliyetandazwa chini hubeba ufukwe mzima. Chukua wachache, watie kwenye bakuli la maji, koroga, subiri kidogo, uone kilichotulia chini. Usikubali kuonjeshwa waliokwisha kupikwa: mawese ya Kigoma ni matamu, lakini yanafunika aibu nyingi.

Kuna wanaochanganya na dagaa wa Ziwa Victoria, yule ambaye Wakenya humwita omena. Si kosa kumla, ila hao ni samaki wa koo mbili tofauti. Wa Kigoma ni jamaa wa sadini wa baharini. Wa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa, na kwa wapishi wengi ana uchungu kidogo. Ukiona gunia lenye samaki wa maumbo mawili, uliza, na bei ishuke.

Usisahau kalenda. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Aliyekuwa akinadi "wa juzi, wabichi kabisa" mwezi Julai alikuwa akiuza akiba ya zamani au samaki wa kificho. Ziwa likifunguliwa, subiri kwanza pilikapilika za siku za mwanzo zipite. Halafu mwambie muuzaji atumbukize mkono hadi chini ya gunia, si juu alikopanga wazuri, na upimiwe kutoka huko.