Neno "Nyumba" katika Matigari

Mwanzoni mwa Matigari, Ngũgĩ wa Thiong'o anakataa kuitaja nchi wala mwaka wa hadithi yake. Anamwachia msomaji achague mwenyewe. Mimi nimeipeleka Kamakis, pale Ruiru, kando ya Eastern Bypass, kwa sababu sidhani kuna mahali pengine Kiambu ambapo neno nyumba hutamkwa sana hivyo kutwa nzima. Kuna nyumba za kuuza, nyumba za kupangisha, bedsita, na keja kwa vijana. Upande huu wa Ruiru mashamba ya kahawa yamekuwa yakigeuka maghorofa. Katikati ya majiko ya nyama choma na yadi za magari, watu wa mjengo wanapandisha mawe ya Ndarugu kutwa, kisha jioni wanarudi kulala kwenye chumba cha mabati.

Ngũgĩ aliiandika riwaya hii kwa Kikuyu mwaka 1983, akiwa uhamishoni London, na ikatoka Kenya mwaka 1986. Matigari ma Njirũũngi, yaani masalio ya risasi, anatoka msituni baada ya kumuua setla Williams na mpishi wake John Boy. Anazika silaha chini ya mti wa mugumo, anajifunga mshipi wa amani, kisha anaanza kuwatafuta jamaa zake ili waingie pamoja katika nyumba aliyoijenga. Anayemkuta pale ni mwana wa mpishi, kijana ambaye wanyonge walichanga wakamsomesha ng'ambo.

Matigari hana habari nyingine. Akikutana na mtoto, mfanyakazi, mwanamke au askari, atafika tu kwenye nyumba. Mwandishi wa kawaida angetuingiza ndani, atuonyeshe viti, mapazia na picha ukutani. Ngũgĩ anaiacha juu ya kilima, kubwa, ya kutazamwa kutoka mbali. Uzito wa neno hautoki kwenye maelezo ya jengo, unatoka kwenye vitenzi vinavyolizunguka: kujenga, kulala, kulinda, kudai, kurudi. Nani alijenga, nani akalala ndani, nani akalala nje? Mpangilio huo unarudi kila mara na mtendaji aliyebadilika, na mabadiliko hayo madogo ndiyo hoja yenyewe. Kibarua wa Kamakis hahitaji kufafanuliwa sarufi hiyo.

Mbinu hii ina asili yake. Ngũgĩ ameeleza kwamba aliijenga riwaya juu ya ngano ya Kikuyu kuhusu mgonjwa anayemtafuta mzee Ndiiro, mwenye kujua dawa yake. Hajui njia, kwa hiyo kila anayekutana naye anamwimbia sifa zilezile za mzee yule. Katika ngano ya mdomo kurudia si uvivu wa fundi. Msikilizaji aliyechelewa kufika anapata pa kushikia, na aliyekuwepo tangu mwanzo anasikia kilichobadilika. Hivyo ndivyo neno nyumba linavyofanya kazi humu. Ni kiitikio, na kila kiitikio kina mwitikiaji mpya.

Wa kwanza kati ya waitikiaji hao ni Mũriũki, mtoto anayelala katika mizoga ya magari jalalani. Matigari anapomwambia kwamba wanakwenda nyumbani, neno linapanuka bila mwandishi kueleza lolote: limeshamkusanya mtoto asiye wake wa kumzaa. Wanaingia pia Ngarũro wa Kĩrĩro, mfanyakazi wa kiwandani, na Gũthera, mwanamke anayedhulumiwa na polisi. Hapa Kikuyu kinampa Ngũgĩ silaha ambayo tafsiri ya Kiingereza ya Wangũi wa Goro, nzuri kama ilivyo, haiwezi kuibeba yote. Nyũmba ni jengo, na pia ni ukoo. Nyũmba ya Mũmbi ni Wakikuyu wote, na yeyote aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa kisiasa Ruiru au Thika anajua wanasiasa wanavyoitumia kuwafunga watu kabila moja, kura moja. Ngũgĩ analinyang'anya neno hilo. Nyumba ya Matigari ina ukoo wa waliojenga, na mlango wake hauulizi mtu anatoka kwa Mũmbi au kwa nani. Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuko mbali: tunasema nyumba kubwa na nyumba ndogo, na hakuna anayefikiria matofali.

Jinsi kiitikio hicho kilivyoshika ilionekana nje ya kitabu. Kwa simulizi ya Ngũgĩ mwenyewe, mapema mwaka 1987 watu wa Kenya ya kati walikuwa wakimzungumzia Matigari kana kwamba anazunguka nchini akiuliza maswali, na serikali ya Moi ikaamuru akamatwe. Ilipogundua kwamba ni mhusika wa riwaya, polisi wakakikusanya kitabu madukani. Mwandishi huyu alikuwa ameshakaa kizuizini mwaka 1978 katika gereza la Kamiti, ambalo haliko mbali na Kamakis.

Sifa zangu zinaishia katikati ya kitabu. Matigari anapoanza kuzunguka nchi akitafuta ukweli na haki, maneno hayo mawili yanachukua nafasi ya nyumba katika kiitikio, na nayasikia yakigonga patupu. Nyumba inaweza kuonekana kilimani na kudaiwa ufunguo. Ukweli na haki havina mlango. Waziri wa serikali ndani ya riwaya anaweza kuyatamka maneno hayo kama Matigari anavyoyatamka, na kweli anayatamka. Ngũgĩ alikusudia kejeli hiyo, lakini kurasa nyingi zinapita msomaji akisikiliza hotuba badala ya hadithi, na Gũthera, aliyeingia kwa nguvu, anabaki kuwa mfano.

Mwishoni nyumba inateketea kwa moto. Matigari na Gũthera wanatoweka mtoni, na Mũriũki anarudi kwenye mugumo kuzifukua silaha. Kisiasa naelewa. Kisanaa siridhiki: Ngũgĩ ameliunguza neno lililoibeba riwaya, na alichompa Mũriũki mahali pake ni bunduki, kitu ambacho setla naye alikuwa nacho.