Mfalme Mkimbizi na Mikono ya Wachoraji

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipokuwa nikifundisha historia chuoni, niliwapima wafalme kwa vita walivyoshinda. Kwa kipimo hicho Humayun, mtawala wa pili wa Wamoguli wa India, alipata alama za chini kabisa. Sher Shah alimpiga mwaka 1539, akampiga tena mwaka 1540, naye akapoteza ufalme. Leo, ndugu msomaji, nausahihisha upya mtihani ule.

Humayun alikimbilia Uajemi, na mwaka 1544 Shah Tahmasp akampokea. Mgeni alimpa mwenyeji wake vito vya thamani. Wakati huo Shah, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa sanaa, alikuwa ameanza kuipa kisogo. Mafundi wake wawili, Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad, wakamfuata Humayun, wakafika kwake Kabul mwaka 1549. Basi mkimbizi alitoa mawe, akapata mikono. Safari hii aliyepona ni mgeni.

Humayun alirudi Delhi mwaka 1555, akafa mwaka uliofuata kwa kuanguka ngazini. Mwanawe Akbar ndiye aliyeagiza Hamzanama, visa vya Hamza, ami yake Mtume. Picha zipatazo 1,400 zilichorwa juu ya kitambaa cha pamba kwa muda wa miaka kama 15, chini ya usimamizi wa mafundi hao wawili, mmoja baada ya mwingine.

Wako wanaosema kwamba hiyo ni sanaa ya Kiajemi iliyohamishwa tu. Sikubaliani nao. Katika picha za Kiajemi kila ua limetulia mahali pake. Katika Hamzanama maji yanafoka, miti inajipinda, watu wanakabana. Wachoraji wa Kihindi, Waislamu na Wahindu, walijifunza kwa wageni, kisha wakaongeza ya kwao. Mwalimu yeyote anaijua furaha hiyo: mwanafunzi anapoacha kunakili ubaoni.

Leo zimebaki picha zisizofika 200. Mwaka 1881 baadhi yake zilikutwa Srinagar, Kashmir, zimetumika kuzibia madirisha. Hazina ya wafalme ikawa pazia la kuzuia baridi! Lakini ufundi wenyewe ulikwisha kurithiwa, kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo namwongezea Humayun alama. Wako washindi wengi walioacha kidogo kuliko yule aliyeshindwa.